Sampuli ya Utafiti wa Kitaifa wa Matumizi ya Kaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila utafiti wa matumizi ya kaya unapoandaliwa. Huulizwa na wachumi wanaosubiri takwimu, wasimamizi wa wadadisi, na wanafunzi wanaokutana na neno "uzito" kwa mara ya kwanza. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Sampuli "wakilishi" maana yake nini hasa?

Wengi hufikiria ni nchi iliyopunguzwa: wanawake na wanaume kwa uwiano wao, mjini na kijijini kwa uwiano wao, maskini wapo, matajiri wapo. Mimi hupinga maana hiyo kila nipatapo nafasi. Ukitaka kujua kama sampuli ni wakilishi, uliza ilipatikanaje, usitazame sura yake. Kila kaya nchini iwe na nafasi ya kuchaguliwa, nafasi hiyo isiwe sifuri, na sisi tuijue kwa namba. Kaya iliyokuwa na nafasi 1 kati ya 500 husimama kwa niaba ya kaya 500, na hiyo 500 ndiyo uzito wake.

Kwa maana hiyo, sampuli inaweza kujaa kaya za vijijini kupita sehemu yao halisi na bado ikawa wakilishi, kwa sababu uzito utarekebisha (swali la 14). Na inaweza kufanana na nchi kwa kila kigezo unachokijua, kisha ikakupotosha kwa kile usichokijua, yaani matumizi yenyewe.

Wazo hili lilichukua muda kukubalika. Mwaka 1895 Anders Nicolai Kiær wa Norway aliwaambia wanatakwimu wenzake waliokutana Bern kwamba sehemu iliyochaguliwa kwa uangalifu inaweza kushika nafasi ya hesabu kamili, na wengi walimpinga. Mwaka 1934 mwanatakwimu Jerzy Neyman alionyesha kihisabati kwa nini sehemu hiyo ichaguliwe kwa bahati nasibu ndani ya matabaka, yaani makundi yaliyogawanywa kabla ya kuchagua, badala ya kuteuliwa kwa jicho la mtaalamu.

2. Kwa nini tusizihoji kaya zote, kama kwenye sensa?

Kwa sababu swali la matumizi halijibiwi kwa dakika kumi. Kaya hujaza shajara kwa siku kadhaa, huulizwa mamia ya bidhaa na huduma, na mdadisi hurudi mara kwa mara. Huwezi kuwapata na kuwasimamia wadadisi wa kutosha kufanya hivyo nchi nzima. Kaya elfu chache zilizopimwa vizuri zitakuambia mengi kuliko mamilioni yaliyopimwa kwa haraka.

3. Si sampuli ikiwa kubwa zaidi ndiyo inakuwa bora?

Ukubwa hupunguza kosa la bahati tu. Kosa la njia ya kuchagua hauligusi. Mfano unaojulikana ni wa Marekani, mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi zipatazo milioni 10 kwa watu ambao majina yao yalitoka hasa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, na likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Milioni mbili hazikusaidia kitu, maana wasio na simu wala gari walikuwa nje ya orodha tangu mwanzo, na wengi wa waliopata kadi hawakuzirudisha.

Swali pacha ni hili: nchi yenye watu wengi inahitaji sampuli kubwa zaidi? Karibu haina tofauti. Kaya 3,000 zilizochaguliwa sawasawa kutoka kaya milioni 1 hutoa usahihi ule ule, kwa tofauti ndogo sana, na kaya 3,000 kutoka milioni 30. Kinachoongeza sampuli ni idadi ya maeneo unayotaka kuyatolea takwimu (swali la 7).

4. Kaya ni nini? Mbona ni rahisi hivyo?

Si rahisi. Tafsiri inayotumika sana ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, wawe ndugu au la. Sasa chukua nyumba moja: mama mzee, mwanawe aliyeoa na kupika kwake, mpangaji wa chumba cha nje anayejipikia. Hizo ni kaya tatu chini ya bati moja. Kinyume chake, mume mwenye wake wawili katika miji miwili ahesabiwe mahali pamoja tu, kwa kanuni iliyoandikwa kabla.

Tafsiri yoyote mtakayokubaliana, iwe ile ile wakati wa kuorodhesha na wakati wa kuhoji. Mworodheshaji akihesabu nyumba na mdadisi akahesabu vyungu, uwezekano wote mliokokotoa unakuwa si wa kweli.

## Fremu na orodha

5. Majina ya kaya tunayatoa wapi?

Orodha tunayochagulia huitwa fremu, na nchi nyingi hazina orodha ya kaya zote iliyo hai. Kwa hiyo tunachagua kwa hatua mbili. Kwanza maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa wakati wa sensa, ambayo mara nyingi huwa na kaya mia moja hivi kila moja. Kisha tunaorodhesha upya kaya za maeneo yaliyochaguliwa tu, na kuchagua kaya kutoka orodha hiyo mpya.

Orodha za wateja wa umeme, laini za simu au wapiga kura hutamaniwa kwa kuwa zipo tayari. Kila mojawapo humwacha mtu nje, na anayeachwa mara nyingi ndiye ambaye matumizi yake tulitaka kuyajua.

6. Kuorodhesha upya ni gharama. Tukiruka hatua hiyo itakuwaje?

Hapa ndipo ningependa bajeti itetewe kwa nguvu zote, maana ni hatua isiyoonekana kwenye ripoti na ndiyo inayokatwa kwanza.

Niliwahi kuifuata orodha ya eneo moja mlango kwa mlango, karatasi ya mworodheshaji mkononi. Alikuwa ameandika kaya 96 kwa mwandiko safi, bila kufuta hata mstari mmoja. Nyuma ya jengo la tatu nikakuta ua wenye vyumba sita, kila chumba na jiko lake mlangoni, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye karatasi. Alikuwa ameorodhesha akiwa barabarani. Kufika jioni nilikuwa nimeongeza kaya 17, karibu zote za wapangaji wa chumba kimoja. Tungechagua kutoka orodha ile, eneo zima lingeonekana linaishi kama wenye nyumba.

Tangu siku hiyo orodha isiyo na mkwaruzo hunitia wasiwasi. Msimamizi aende na kipande cha eneo, aorodheshe mwenyewe upya bila kutazama karatasi ya kwanza, kisha alinganishe.

Fremu ikiwa ya miaka mingi kuna tatizo jingine: eneo lililokuwa na kaya 110 sasa lina 640. Usimlazimishe mtu mmoja aorodheshe zote kwa siku mbili. Ligawe vipande kwa alama zinazoonekana (barabara, mfereji, reli), chagua kipande kimoja kwa bahati nasibu, na uandike uwezekano wa kipande hicho. Ukisahau kuuandika, umeipoteza kazi yote. Picha za satelaiti husaidia kuona maeneo yaliyofumuka kabla hujayachagua.

## Ukubwa wa sampuli

7. Tunahitaji kaya ngapi?

Jibu linaanza na swali: unataka kutoa takwimu za nani, kwa usahihi gani? Tuseme mchepuko sanifu wa matumizi (kipimo cha jinsi kaya zinavyotofautiana na wastani) ni asilimia 80 ya wastani, na unataka wastani usikosewe kwa zaidi ya asilimia 5, kwa uhakika wa asilimia 95. Zidisha 1.96 kwa 0.8, gawanya kwa 0.05, kisha jibu lipandishe kipeo cha pili: kaya 984. Zidisha kwa athari ya usanifu, tuseme 2.5 (swali la 8): 2,460. Ukitarajia kaya 90 kati ya 100 zitakubali kuhojiwa, gawanya kwa 0.9: kaya 2,734.

Hiyo ni kwa nchi nzima. Ukitaka usahihi huo huo kwa kila mkoa, na mikoa ni 10, unahitaji 27,340. Hapo ndipo kikao hunyamaza. Ukikubali kosa la asilimia 10 kwa mkoa, kila mkoa unahitaji 684, jumla 6,840, na takwimu ya taifa itabaki na kosa la asilimia 3 hivi kama mikoa inakaribiana kwa ukubwa. Mara nyingi nchi huishia kwenye mpango wa namna hii, na ni wa busara. Kibaya ni kuahidi asilimia 5 kwa kila mkoa kwa fedha za asilimia 10.

8. Athari ya usanifu ni nini?

Ni adhabu unayolipa kwa kuhoji majirani. Watu wa eneo moja hufanana kwa kipato, kwa bei wanazokutana nazo, kwa umbali wa soko. Kaya ya kumi na mbili ya eneo hilo hukuambia habari nyingi ambazo kumi na moja za kwanza zimeshakuambia. Mwanatakwimu Leslie Kish aliiweka kwa kanuni fupi: chukua idadi ya kaya kwa eneo, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana, kisha jumlisha 1.

Kiwango hicho kikiwa 0.1, kaya 12 kwa eneo zinatoa athari ya 2.1, na kaya 24 zinatoa 3.3. Kwa hiyo kaya 2,400 zilizotawanywa kwenye maeneo 200 zina thamani ya kaya 1,143 zilizochaguliwa moja moja nchi nzima. Kaya 2,400 hizo hizo zikibanwa kwenye maeneo 100 zina thamani ya 727. Ongeza maeneo, punguza kaya kwa eneo, mpaka gharama ya usafiri ikuzuie.

## Kuchagua

9. Matabaka yagawanywe vipi?

Kawaida ni mkoa, kisha mjini na vijijini ndani yake. Kila tabaka lipate angalau maeneo mawili, la sivyo hutaweza kukokotoa kosa lake (swali la 15). Kugawa kwa uwiano wa idadi ya watu hunufaisha takwimu ya taifa, na kugawa sawa kwa sawa hunufaisha mikoa midogo. Njia ya kati inayotumika ni kugawa kwa uwiano wa kipeuo cha pili cha ukubwa, ili mkoa mdogo usimezwe na mkubwa usinyimwe.

Neyman alishauri pia tabaka lenye tofauti kubwa za matumizi lipewe zaidi. Mjini matumizi hutofautiana sana, kwa hiyo ushauri huo huongeza sampuli ya mjini.

10. "Uwezekano unaolingana na ukubwa" hufanyikaje?

Ni kuchagua maeneo ili lenye kaya nyingi liwe na nafasi kubwa zaidi. Chukua maeneo matano yenye kaya 90, 150, 60, 210 na 90. Jumla ni 600. Jumlisha ukienda: 90, 240, 300, 510, 600. Unataka maeneo mawili, kwa hiyo hatua yako ni 300. Chagua kwa bahati nasibu namba kati ya 1 na 300, tuseme 137. Inaangukia eneo la pili. Ongeza 300, unapata 437, eneo la nne.

Eneo la pili lilikuwa na uwezekano wa 0.5 na la nne 0.7. Sasa chagua kaya 12 kila eneo. Kwenye la pili, 12 kwa 150 ni 0.08, na ukizidisha kwa 0.5 unapata 0.04. Kwenye la nne, 12 kwa 210 ukizidisha kwa 0.7 unapata 0.04 pia. Eneo kubwa lilikuwa rahisi kuchaguliwa lakini kaya zake zikawa ngumu kuchaguliwa, vikafidiana, na kila mdadisi akabaki na mzigo sawa. Uzuri huu uliwekwa wazi na Morris Hansen na William Hurwitz mwaka 1943.

Orodha mpya ikionyesha eneo la nne sasa lina kaya 280, uwezekano unashuka hadi 0.03 na uzito unapanda kutoka 25 hadi 33.3. Usijaribu kuulazimisha ubaki 25. Huo ndio ukweli wa eneo hilo.

11. Utafiti ufanyike kwa mwezi mmoja ili kuokoa fedha?

Matumizi yana majira: mavuno, ada za shule, sikukuu, miezi ya ukata. Mwezi mmoja utakupa wastani wa mwezi huo. Tawanya maeneo katika miezi 12, na kila robo mwaka iwe na sampuli ndogo iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kila tabaka. Kosa la kawaida ni timu kuanza na maeneo ya karibu na kuacha ya mbali hadi mwisho. Hapo msimu na umbali vinachanganyika na hakuna atakayevitenganisha.

## Kazini uwanjani

12. Kaya haipatikani na jirani yuko tayari kuhojiwa. Kwa nini msimkubali?

Najua uzito wa swali hili kwa msimamizi aliyebakiza siku moja na gari linarudi. Lakini fikiria nani yuko nyumbani saa nne asubuhi. Kaya isiyopatikana huenda wote wako kazini, hula nje, hulipa nauli kila siku. Jirani aliyepo ana wadogo, wazee au mgonjwa. Ukibadilisha mmoja kwa mwingine, umebadilisha matumizi, na dodoso lililojaa vizuri halitaonyesha kwamba kitu kimepotea.

Rudini angalau mara tatu, kwa saa tofauti, mojawapo ikiwa jioni au mwisho wa wiki. Ikishindikana, andikeni "haikupatikana" au "imekataa" na muiache hivyo. Nafasi ya kaya hizo tulishaihesabu tangu mwanzo (swali la 7), na uzito utazigusa. Kama sera yenu inaruhusu kaya za akiba, zichaguliwe ofisini siku ile ile ya sampuli, na kila iliyotumika iwekewe alama. Mdadisi asichague kaya hata moja yeye mwenyewe.

13. Matajiri hawafungui geti. Tufanyeje?

Wasipopatikana, wastani wa matumizi unashuka na pengo kati ya walio nacho na wasio nacho linaonekana dogo kuliko lilivyo. Tenga tabaka la maeneo ya kipato kikubwa, lipe sampuli ya ziada, na mtumie wadadisi wazoefu wenye barua rasmi. Kurekebisha uzito kwa waliokataa ndani ya eneo lile lile ni bora kuliko kwa mkoa mzima, maana waliofungua geti hufanana zaidi na majirani zao waliokataa.

## Uchambuzi

14. Uzito hukokotolewaje?

Anza na kinyume cha uwezekano, yaani 1 gawanya kwa uwezekano: 0.04 inakuwa 25. Rekebisha kwa wasiohojiwa: kama kaya 10 kati ya 12 zilihojiwa, zidisha kwa 1.2, inakuwa 30. Mwisho linganisha jumla na makadirio ya idadi ya watu. Kwa wastani wa mtu mmoja mmoja, zidisha uzito wa kaya kwa idadi ya wanakaya. Kusahau hatua hii kunawapunja wenye familia kubwa, na kaya kubwa mara nyingi ndizo maskini.

15. Kosa sanifu (kipimo cha kosa la bahati) la programu ya kawaida ya takwimu linatosha?

Hapana. Programu usiyoiambia kitu hudhani kaya zilichaguliwa moja moja, na hutoa kosa dogo kuliko la kweli. Ipe vitu vitatu: tabaka, eneo, uzito. Programu za takwimu kama Stata na R zina amri za kazi hiyo. Na mnapotoa data kwa watafiti, safu hizo tatu zibaki ndani, hata kama majina ya maeneo yamefichwa.

## Mambo ya pembeni

16. Tunaweza kutoa takwimu za wilaya?

Kwa sampuli iliyopangwa kwa mikoa, si moja kwa moja. Wilaya yenye maeneo matatu haina cha kusema peke yake. Ipo njia ya kuunganisha utafiti na sensa kwa modeli, na matokeo yake ni makadirio ya modeli. Yaitwe hivyo.

17. Wafugaji wanaohama, wasio na makao, walioko magerezani na mabwenini?

Tafiti nyingi hupima kaya binafsi tu, na wanaoishi kwenye taasisi hubaki nje kwa tafsiri. Hilo lisemwe ukurasa wa kwanza wa ripoti. Wafugaji ni jambo tofauti, kwa sababu wao ni kaya kamili na matumizi yao ni sehemu ya uchumi. Inawezekana kuwachagua kupitia vituo vya maji, ukiandika kila kaya hunywesha wapi na mara ngapi, kwa kuwa anayefika vituo viwili ana nafasi mara mbili.

18. Tumefika mlangoni, kaya iliyoorodheshwa imehama na nyingine imeingia.

Kama kanuni yenu inachagua makao, mhoji aliyeingia. Kama inachagua kaya, andika "imehama". Zote mbili ni sahihi, ila moja tu ndiyo ya utafiti wenu, na iwe kwenye mwongozo wa mdadisi kabla hajatoka.

19. Kaya moja imetumia kiasi kikubwa mno na uzito wake ni 900. Tuifute?

Rudi kwenye dodoso kwanza. Mara nyingi ni sifuri iliyozidi, au matumizi ya mwaka yaliyoandikwa kama ya mwezi. Kama ni gari lililonunuliwa wiki ile, huenda halistahili kuingia lote kwenye kipimo cha hali ya maisha: bidhaa za kudumu huhesabiwa kwa thamani ya matumizi yake ya mwaka.

Kama kila kitu ni kweli, usiifute. Kaya za namna hiyo zipo nchini, na hii ilichaguliwa kwa nafasi inayojulikana kama nyingine zote. Toa kipimo cha kati (matumizi ya kaya iliyo katikati zikipangwa kwa mfuatano) pamoja na wastani. Ukiamua kuupunguza uzito wake ili takwimu ya mkoa isiyumbe, tumia kanuni moja kwa kaya zote, na uandike kwenye ripoti ni kaya ngapi ziliguswa na wastani ulisogea kwa kiasi gani.